Nilificha unga kwenye joho la harusi, fungate ikaishia siku ya tatu

Wakuu, asalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo, habari zenu.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa miaka, nacheka mikasa ya watu. Leo ni zamu yangu kuchekwa. Haya yamenitokea mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi, yana chumvi ya kutosha. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu mama mkwe siku hizi ana simu kubwa na yumo kwenye kila grupu.

Mimi ni kijana wa Majengo, Mombasa. Ni karani kwenye yadi moja ya makontena huko Shimanzi. Lori likiingia naandika namba ya kontena, likitoka naandika tena. Kazi ya heshima, ina kalamu na kila kitu.

Na kwa miaka minne nilikuwa teja.

Sio teja yule mnayemjua, wa kuinama barabarani kama anatafuta sindano iliyoanguka. Astaghfirullah. Mimi nilikuwa teja wa kanzu iliyopigwa pasi. Asubuhi navuta unga wangu, heroini ile, naoga, najipaka uturi, naenda kazini. Jioni navuta tena, naenda msikitini.

Pombe sijaionja maishani mwangu. Walevi nilikuwa nawadharau kabisa. Mtu akipita ananuka bia, mimi huyu nilikuwa natikisa kichwa nasema, "Hawa watu hawana dini."

Mamangu alijua. Alikuwa akiniona nasinzia na tonge mkononi, anasema, "Masikini mwanangu, kazi zamchosha." Kakangu Salim alijua zaidi, maana saa yake ya mkono aliikuta inauzwa dukani kwa watu.

Familia ikakaa kikao. Mnadhani waliamua nipelekwe hospitali? Hospitali ni ya wagonjwa, wakuu. Mimi waliamua nioe.

"Mpeni mke, atatulia," akasema ami yangu, mtu aliyeoa mara nne na hajatulia mpaka leo.

Kutulia! Kama kuna kitu sikupungukiwa nacho ni utulivu.

Basi akapatikana binti wa Mji wa Kale, tumwite Nuru, mwalimu wa watoto wadogo, mcheshi, ana macho ya kumsuta mtu kabla hajafungua mdomo. Kwao wakatuma wazee wawili waje Majengo kuniulizia, kama ada ilivyo. Wakamuuliza mwenye duka, wakamuuliza muadhini, wakawauliza majirani.

Wote wakasema maneno yale yale: "Kijana mtulivu. Hana maneno na mtu."

Wallahi hawakudanganya. Nilikuwa mtulivu hata nzi akitua puani simfukuzi.

Sisi watu wa pwani tuna kitu tunakiita sitara. Aibu ya mwenzio huifunui. Ni tabia nzuri sana na mimi ilinifunika vizuri mno. Nuru tu ndiye aliyeachwa wazi.

Sasa kwa ndugu zetu wa bara, niwaeleze fungate. Kwetu bwana harusi hambebi mke siku ile ile akaenda naye. Anaingia yeye nyumbani kwa kina mke na anakaa siku saba. Anapikiwa, anafukizwa udi, anaengwaengwa, na nje hatoki. Siku hizi wengi wanaenda hotelini siku mbili, wanapiga picha na madafu, wanasema wamekula fungate. Lakini bibi yake Nuru alisema hataki upuuzi huo, mjukuu wake atakaa saba kamili kama yeye alivyokaa.

Na hapa shikeni jambo moja, maana ndilo lililobeba mkasa wote. Bwana harusi akitoka kabla ya siku saba, hakuna anayeuliza yeye ana nini. Mji mzima utasema bibi harusi hakukutwa sawa. Aibu yote inamwangukia yeye, na haifutiki.

Kwa hiyo nilikuwa na siku saba za kukaa ndani, na mimi siku moja tu bila unga siiwezi.

Nikapanga. Kete za siku saba, yaani vile vifurushi vyake vidogo, nikavitayarisha. Niviweke wapi? Sanduku litafunguliwa na wanawake. Kanzu zitafuliwa. Nikazunguka chumba kizima, jicho likatua kwenye joho. Joho jeusi, zito, lina darizi za dhahabu. Nikafumua pindo la chini, nikazipanga kete zangu moja moja, nikashona kwa mkono. Mshono ulionyooka, hata fundi angenipa kazi. Tangu nizaliwe sijawahi kushughulikia jambo kwa bidii ile.

Mmeshaona kosa?

Joho lilikuwa la kukodi.

Ijumaa baada ya Alasiri nikaoa. Nikaingia nyumbani kwa kina Nuru kwa vifijo na vigelegele, nimevaa joho langu, natembea taratibu, wanawake wanasema, "Tazama alivyo na haya!" Haya wapi, nilikuwa naogopa pindo lisifumuke. Kete ya siku ile nilikuwa nayo mfukoni, kwa hiyo Ijumaa ikapita salama.

Jumamosi asubuhi nimeingia kuoga. Natoka, naangalia msumari nilikolitundika joho. Mtupu.

Mama mkwe akaniambia kupitia mlangoni, kwa sauti ya asali: "Kakako amekuja, mwanangu. Nimemkunjia joho, nimelifukiza na udi, ameshalirudisha dukani. Kuna harusi Kisauni leo walitaka. Usiwe na wasiwasi."

Usiwe na wasiwasi.

Simu yangu nayo ilikuwa imefungiwa kabatini kwa bibi tangu Ijumaa. "Simu ni ya mtu asiye na mke," alisema, akatia ufunguo kwenye pindo la kanga yake. Nyumba ile kila mtu alikuwa na pindo lake.

Kufika Alasiri miayo ikaanza. Miayo ya kukupasua taya. Kisha mafua, machozi, jasho la baridi, miguu inauma kama kuna mtu anakamua mifupa. Hiyo ndiyo arosto, wakuu, mwili unadai unga wake. Anayekwambia ni kama homa kidogo, huyo hajawahi kuumwa hata na mbu.

Na mimi nipo kwenye kitanda kilichomwagwa asumini.

Chakula kinaletwa, nacho si chakula cha mchezo. Mahamri na mbaazi, kuku wa kupaka, mkate wa sinia, biriani. Sahani zinaingia zimejaa zinatoka zimejaa. Nuru anakaa karibu yangu, mikono yake imejaa hina, ananipangusa jasho. Hanijui. Tumeonana mara mbili kabla ya ndoa, zote shangazi yake akiwa katikati yetu.

"Hali hii ulikuwa nayo kabla?" akaniuliza.

"La. Ni hali ya hewa," nikamjibu.

Hali ya hewa! Mtu wa Mombasa, amezaliwa Mombasa, anamwambia mke wake wa siku moja kwamba Mombasa haipatani naye.

Jumapili nyumba nzima ilikuwa na jawabu lake. Mama mkwe alisema ni jicho, nilipendeza mno siku ya harusi. Bibi alisema hapana, ni jini mahaba, kuna jini wa kike ananitaka na ameona wivu. Nikaandikiwa kombe, zile aya za zafarani zinazooshwa kwa marashi, nikanywa bakuli zima. Nikalitapika. Wakasema, "Ee, laanza kutoka!"

Akaitwa mwalimu wa chuo cha Qur'ani kunisomea. Mzee wa watu, kisomo chake kizuri, simcheki yeye. Kila nikipiga mwayo bibi anasema jini huyo anajinyoosha. Katikati ya Ayatul Kursi nikakurupuka mbio chooni, na huko nyuma nasikia watu wanashangilia takbir.

Mimi niko chooni, nimeshika ukuta, nalia. Nilijua nina nini. Sentensi moja tu ingemaliza kila kitu, nikashindwa kuisema. Nikawaacha watu wazima wapigane na jini ambaye hayupo.

(Naona mkuu mmoja hapo chini ameshauliza, "Sasa ndugu kwa nini usingesema tu?" Asante kwa akili yako, mkuu. Sikuwa nimeliwaza hilo.)

Jumatatu asubuhi nikakata shauri. Nuru alikuwa anaoga, wanawake wako jikoni. Nikavaa kikoi na shati. Kete inapatikana hatua chache tu kutoka pale, njia naijua kwa macho yaliyofungwa. Nikajiambia nitakwenda mbio nirudi, hakuna atakayejua.

Pesa ya kununulia sikuwa nayo. Juu ya meza ya kujipambia kulikuwa na bangili ya dhahabu ya Nuru, aliyovalishwa na mamake siku ya harusi.

Niliichukua, wakuu. Sina maneno ya kuchekesha hapa. Niliichukua nikaitia mfukoni, na nilikuwa najua kabisa kwamba nikivuka mlango ule binti wa watu atavunjiwa jina maisha yake yote. Nikateremka ngazi hivyo hivyo.

Chini mlangoni nikakutana na Bi Rukia anaingia na kikapu cha mahamri. Bi Rukia ndiye somo wa Nuru, yaani yule mama aliyemfunda kabla ya ndoa, na kila asubuhi alikuwa anakuja kututazama. Mwanamke mnene, mfupi, hana subira na mtu.

"Bwana harusi, wenda wapi?"

"Kununua dawa ya kichwa, bi."

Akatua kikapu chini. Akanitazama pua inavyochuruzika, vinyweleo vya mikono vilivyosimama na jua linawaka. Kisha akashusha sauti.

"Wavuta au wajidunga?"

"Sikuelewi, bi."

"Mimi nimezaa wanne, wamebaki watatu. Nakuuliza mara ya pili, na ya tatu sikuulizi. Wavuta au wajidunga?"

"Navuta."

Neno moja. Miaka minne sijalisema, na lilitoka hapo mlangoni mbele ya kikapu cha mahamri.

"Na mfukoni mna nini?"

Akanipandisha juu amenishika mkono kama mtoto aliyevunja dirisha la watu. Nuru ametoka kuoga, mamake na bibi wakaitwa. Bi Rukia akaiweka bangili mezani, akasema, "Jini lenu hili hapa. Lavuta unga."

Bibi akakaa chini. Mama mkwe yeye, kwanza akafunga dirisha.

"Amalize saba," akasema. "Siku nne zilizobaki tumfungie humu humu, tumpe uji. Akishatoka kwa heshima ndipo tutazame. Watu watasemaje?"

"Watasema," Bi Rukia akamjibu. "Mimi wangu nilimsitiri miaka sita. Nilimfungia ndani mara ngapi nikampa uji. Siku alipotoka akavuta kama alivyozoea, moyo ukasimama. Nikamsitiri mpaka sanda ikanipokea kazi."

Mimi natetemeka kwenye kiti, namwangalia Nuru. Nilikuwa nangoja anitukane, na ningepumua. Hakunitukana. Aliichukua bangili akamkabidhi Bi Rukia, kisha akachukua buibui lake akalivaa.

Mamake akamshika. "Nuru, ukitoka naye leo utasemwa wewe, si yeye!"

"Wacha nisemwe, mama. Siwezi kukaa eda ya ujane na hina ingali mkononi."

Tukatoka. Watatu, asubuhi ya jua kali, siku ya tatu ya fungate. Mimi mbele nimepinda kama ndoana, Nuru ameshika kiwiko changu, Bi Rukia nyuma kama askari. Kutoka pale mpaka Makadara tulipopata tuktuk ni mwendo mfupi, lakini kila dirisha la Mji wa Kale lilipata kazi siku ile. Barazani watu wanaacha kahawa inapoa. Nikatapika kwenye kona, Nuru akasimama kando yangu, miguu yake yenye piku mpya, yale maua meusi ya bibi harusi, inaonekana na kila mtu anaiona. Hakuificha.

Tukafika kwenye kliniki ya serikali ya watu wa unga. Foleni ndefu ya mateja wenzangu, wale wale niliokuwa nawadharau. Mmoja akanitambua akaniambia, "Karani, leo umechelewa." Kumbe wote walikuwa wananijua. Aliyekuwa hajijui ni mimi.

Nesi akatuandikisha, mama mmoja wa bara, mpole. Akamuuliza Nuru, "Wewe ni nani wake?"

"Mkewe."

"Tangu lini?"

"Tangu Ijumaa."

Nesi akaweka kalamu chini. Akatutazama, akatazama ile hina, akasema, "Hongereni." Sijui alikusudia nini, lakini Nuru alicheka. Alicheka mpaka akaanza kulia.

Sasa wale mnaodhani ukifika unapewa dawa unaenda zako kucheza dansi, pole. Walinipima, wakanihoji mambo mengi, wakanipa vidonge vya kutuliza maumivu na kutapika. Siku mbili nilikaa nyumbani kwa Bi Rukia nagaagaa. Siku iliyofuata ndipo nikapewa kikombe cha kwanza cha methadoni, dawa ya maji, unainywa pale pale mbele ya nesi, na kila siku lazima urudi.

Wapo mabingwa humu watakaosema, "Si umeacha unga ukashika unga mwingine?" Kweli, bingwa. Ila huu wangu unapimwa na daktari, na tangu nianze sijaiba bangili ya mtu. Wewe endelea na nadharia yako.

Na sikunyooka mara moja. Mwezi wa pili niliteleza. Niliporudi nikamwambia Nuru mwenyewe kabla hajaniuliza. Akafunga nguo zake akaenda kwa Bi Rukia wiki mbili, na kliniki nilienda peke yangu kila asubuhi wiki mbili zile. Aliporudi hakutoa hotuba. Aliniambia ninunue maziwa.

Kazini nilimweleza msimamizi. Akasema, "Ahaa, ndiyo maana kontena moja uliliandika limeingia mara tatu na halijatoka." Kazi nimebaki nayo.

Kuna siku nikaenda kwa mzee mwenye duka la kukodisha majoho kumwomba radhi, maana nilikuwa naumwa roho na yule bwana harusi wa Kisauni. Mzee hata hakuinua kichwa kwenye cherehani.

"Mimi joho likirudi, kwanza napapasa pindo," akasema. "Zako nilizimwaga chooni."

"Kwa nini unapapasa, mzee?"

"Kwani wewe ndiwe wa kwanza?" Kisha akaongeza, "Mshono wako lakini mzuri."

Nikamuuliza kama aliwahi kumwambia mzazi yeyote. Akashangaa. "Nimfunue mtoto wa watu?"

Mnaona basi. Mwenye majoho anajua, muadhini anajua, mama anajua, foleni nzima ya mateja inajua. Anayeambiwa wa mwisho ni yule anayekwenda kulala kitanda kimoja na mgonjwa.

Na kusemwa alisemwa, kama mamake alivyotabiri. Walisema alikuwa na kasoro ndiyo maana mume alitoka siku ya tatu. Walisema wanawake ambao watoto wao anawafundisha herufi. Mimi niliyeiba, mimi niliyedanganya, watu walinipa pole. Hilo linaniuma kuliko arosto yoyote, mpaka leo.

Bangili bado iko kwa Bi Rukia. Nuru anasema haina haraka.

Ninachojua mimi ni hiki. Ndoa si dawa, msimwoze mtoto wa watu kwa mgonjwa mkidhani mmempa daktari. Dua ombeni, mimi naomba, lakini mkimaliza kuomba mpelekeni kliniki. Msimfungie ndani peke yenu, maana akitoka na mwili umesahau, kipimo chake cha zamani ndicho kitakachomuua. Na mtu wenu akisinzia na tonge mkononi kila siku, si kazi zinazomchosha.

Sasa la mwisho. Umepita mwaka na zaidi. Mwezi uliopita mama mkwe akamtumia Nuru ujumbe wa sauti, mfupi, hata salamu hakuweka: "Mna siku nne zenu hapa hazijaisha. Njooni mmalize."

Tukaenda. Chumba kile kile, asumini ile ile, kuku wa kupaka, na safari hii sahani zilitoka tupu.

Asubuhi ya kwanza nikaamka mapema. Kikombe changu hakingoji fungate. Nikavaa polepole, nikateremka nitoke kwa mlango wa uani, nisimwaibishe mama wa watu mara ya pili.

Nikamkuta yuko chini, amesimama kwenye mlango mkubwa wa mbele. Akafungua ubao wa kwanza, akafungua na wa pili, mlango wote wazi, majirani ndio kwanza wanafagia vizingiti. Akanisogezea viatu. Kisha akapaaza sauti, na mama yule ana sauti:

"Nenda, mwanangu, kanywe dawa yako! Ukirudi mahamri yatakuwa ya moto!"

Mafagio yote yakasimama. Nikapita katikati yao, kichwa juu, machozi yananitoka, na safari hii hayakuwa ya arosto.

Haya wakuu, uwanja ni wenu, nichekeni, nitukaneni, ulizeni. Ila kabla hujaandika comment, tazama hapo nyumbani kwenu. Kama kuna mtu mtulivu sana, anza na yeye.